Kifua cha Zamani na Moyo: Krizi ya Moyo kwa Mtu Mwenye Ugonjwa wa Mapafu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu pamoja na watoto,

Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia, viatu, ngazi na baruti. Leo tunasema juu ya hatari inayoingia nyumbani usiku, wakati watu wote wamelala.

Hapa Kindu, kuanzia Kasuku na Mikelenge mpaka ng'ambo ya mto kule Alunguli, wako wazee wengi waliofanya kazi ya machimbo huko Kalima, Kailo, Punia ao Namoya. Wengine walianza wakati wa Symétain na Cobelmin, wakaendelea na SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Wako pia vijana wanaochimba leo kwa mikono. Wengi wao wanakohoa, tangu miaka kumi, tangu miaka ishirini. Jirani wanasema: «Ni kifua chake tu.»

Ndugu, neno hilo «tu» linaua watu. Usiku mmoja mzee anakosa pumzi kuliko desturi. Jasho baridi linamtoka. Watu wa nyumba wanampa dawa ya kikohozi, wanampa maji ya moto, wanangoja kuche. Kunakucha, mzee hayupo tena. Matangani wanasema kifua kimemwua, kumbe pengine ulikuwa moyo. Na krizi ya moyo ina dawa yake, lakini dawa hiyo inataka haraka.

MOYO UNAPATA CHAKULA CHAKE NAMNA GANI?

Moyo ni pompi. Unasukuma damu mwilini mchana na usiku, na hauna siku ya mapumziko. Lakini kila mashini inataka mafuta yake. Moyo nao unakula kwa njia ya mishipa midogo iliyouzunguka, ambayo inauletea damu yenye hewa safi.

Kwa miaka mingi, ndani ya mishipa hiyo mafuta yanaweza kugandamana, kama kutu ndani ya bomba la maji. Tumbaku, damu yenye nguvu nyingi (presha), sukari katika damu na uzee vinazidisha jambo hilo. Siku moja ile kutu inapasuka. Damu inaganda juu ya kidonda kile, inafanya kizibo. Mshipa unafungwa, nusu ao kabisa. Sehemu ya moyo iliyo mbele ya kizibo inakosa chakula na inaanza kufa. Hiyo ndiyo krizi ya moyo.

Fahamu jambo hili: nyama ya moyo iliyokufa hairudi. Kila saa inayopita, sehemu nyingine inakufa. Kwa sababu hiyo wanganga wanasema kwamba wakati ni moyo.

KWA NINI MWENYE KIFUA YUKO KATIKA HATARI ZAIDI?

Tunaposema «ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi», tunataja magonjwa ya namna mbalimbali: bronkiti isiyokwisha ya wavuta tumbaku, mapafu yaliyoharibika kwa moshi wa kuni na makala, silikosi, ambayo ni ugonjwa wa vumbi la mawe, na makovu yaliyobaki baada ya kifua kikuu. Katika Maniema kasiteriti, yaani madini ya bati, inakaa mara nyingi ndani ya jiwe la kwarzi. Ukitoboa ao ukiponda jiwe hilo bila maji, vumbi lake laini linaingia mpaka chini kabisa ya mapafu na halitoki.

Wengi wanafikiri mapafu ni jambo moja na moyo ni jambo lingine. Si kweli. Viko pamoja ndani ya kifua, na kuna sababu nne za kuugua pamoja:

Kwanza, tumbaku inayochoma mapafu ndiyo ile ile inayoharibu mishipa ya moyo.

Pili, mapafu yenye kidonda cha siku nyingi yanawasha moto mdogo katika damu yote, na moto huo unaharibu mishipa.

Tatu, mapafu mabovu yanapitisha hewa kidogo. Moyo unalazimika kufanya kazi nyingi kwa chakula kidogo.

Nne, vumbi lenyewe. Katika China walifuata wafanyakazi 74,040 wa migodi ya madini, ya bati ikiwemo, pamoja na wa viwanda vya vyungu, kuanzia mwaka 1960 mpaka 2003. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: waliokula vumbi la mawe kwa miaka mingi walikufa zaidi kwa magonjwa ya mapafu na kifua kikuu, na zaidi pia kwa magonjwa ya moyo.

Shika tena jambo hili: hatari inapanda sana wakati kifua kimewaka, yaani kikohozi kimezidi, makohozi yamegeuka rangi, pumzi imekuwa fupi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika siku tano za kwanza baada ya krizi kubwa ya mapafu, hatari ya krizi ya moyo inapita mara mbili ya kawaida. Basi siku hizo tano, mwangalie mgonjwa wako vizuri.

ALAMA ZINAZOJIFICHA

Alama zinazojulikana ni hizi: maumivu ao uzito katikati ya kifua, kama mtu ameweka gunia la mchanga juu yake, maumivu kupanda shingoni na kwenye taya, ao kushuka mkononi, zaidi wa kushoto, jasho baridi, kichefuchefu, woga mkubwa.

Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa mapafu maumivu pengine ni madogo, ao hayapo kabisa. Alama yake ya kwanza ni kukosa pumzi. Na kwa sababu amezoea kukosa pumzi, yeye mwenyewe hashangai. Hata muuguzi anaweza kudanganyika.

Hii haitokei kwetu peke yake. Huko Moshi, katika Tanzania, wanganga wa hospitali ya KCMC walipima kwa uangalifu wagonjwa waliofika wakilalamika kifua ao pumzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Karibu mmoja katika watano alikuwa na krizi ya moyo, na karibu wote hawakutambuliwa siku ile katika kazi ya kila siku. Kabla ya siku 30 kwisha, zaidi ya wanne katika kila kumi wenye krizi hiyo walikuwa wamekufa.

Basi utatofautisha namna gani? Jiulize maswali haya:

— Je, pumzi imekatika ghafla, kwa dakika chache? Kifua cha kawaida kinazidi polepole, kwa siku mbili ao tatu.

— Je, pompi yake ya salbutamol, ambayo kila siku inamsaidia, leo haisaidii?

— Je, ana jasho baridi, uso umepauka, anataka kutapika?

— Je, kuna uzito ao maumivu ya kifua, mkono, taya ao juu ya tumbo, yanayodumu zaidi ya dakika 15?

— Je, ameanguka na kuzimia, ao moyo unapiga ovyo?

Jibu moja la «ndiyo» linatosha. Usingoje la pili. Mpeleke.

NYUMBANI: MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Mkalishe. Mwenye kifua kibovu asilazwe chali, kwa sababu atakosa pumzi zaidi. Aketi, mgongo umeegemea ukuta ao mto, magoti yamekunjwa. Asitembee hata mpaka barabarani. Abebwe.

2. Tafuta chombo saa ile ile: gari la kampuni, pikipiki, mtumbwi. Toka Kalima mpaka Kindu ni karibu kilomita mia, na ukifika Alunguli lazima bado uvuke Lualaba. Mtu mmoja apige simu kwa waendesha kivuko wakati wengine wanambeba mgonjwa. Kama kuna hopitali ao kituo cha afya karibu chenye munganga, anzia pale. Ataanza dawa na kuandika barua.

3. Mpe aspirini, atafune. Kiasi ni miligramu 150 mpaka 300. Kidonge cha miligramu 500, kikate katikati, nusu moja inatosha. Atafune, asimeze kizima, ili dawa iingie haraka katika damu. Lakini usimpe kama aspirini imekwisha kumdhuru zamani ao inamletea pumu. Kama anatema damu ao anatapika damu. Kama ana kidonda cha tumbo kinachotoa damu. Ao kama upande mmoja wa mwili umelegea ghafla. Parasetamoli haifanyi kazi hii.

4. Kama kifua kinapiga filimbi, mpe pompi yake kwa kipimo alichopewa na munganga. Usirudie na kurudia bila mwisho, kwa sababu salbutamol nyingi inakimbiza moyo.

5. Usimchome sindano ya aminofilini nyumbani. Ikiingizwa haraka katika mshipa, inaweza kuvuruga mwendo wa moyo na kuua.

6. Chukua dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na karatasi za zamani na picha ya mapafu. Mwambie munganga wazi: anavuta tumbaku ao hapana, alipata kifua kikuu ao hapana, alitema damu ao hapana, na krizi imeanza saa ngapi. Mwanaume aliyemeza dawa ya nguvu za kiume aseme bila haya, kwa sababu dawa hiyo ikikutana na dawa za nitrati, presha inaweza kuanguka mpaka kifo.

HOPITALINI: MUNGANGA ANAFANYA NINI?

Ni vizuri ujue, ili usiogope na usikatae matunzo.

Kwanza ataandika mwendo wa moyo juu ya karatasi kwa mashini ya elektrokadiogramu. Haichomi, haiumizi. Pale penye maabara watapima troponini katika damu, kitu kinachotoka katika nyama ya moyo iliyoumia. Kwa mgonjwa wa mapafu troponini inaweza kupanda kidogo hata bila kizibo, wakati mapafu yamewaka sana. Kwa hiyo munganga anaweza kupima mara mbili, kwa saa chache, aone kama inapanda. Usiseme anakula franga zako bure.

Kisha dawa. Aspirini ni ya kwanza. Mwaka 1988 yalitangazwa majaribio makubwa ya wagonjwa zaidi ya 17,000 wa krizi ya moyo. Aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo. Ilipoongezwa streptokinasi, dawa inayoyeyusha kizibo, vifo vilipungua zaidi ya theluthi moja. Streptokinasi inafaa katika saa za kwanza. Baada ya saa 12 faida yake ni ndogo. Na kwa kuwa inayeyusha damu iliyoganda, mtu anayetema damu kwa sababu ya mapafu yake anaweza kutokwa na damu nyingi. Unaona sasa kwa nini tulisema umwambie munganga wazi.

Pamoja na aspirini kuna dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama klopidogreli. Nyingine inaitwa tikagrelori. Hiyo ni nzuri, lakini inawaletea watu wengine pumzi fupi. Mwenye kifua akiimeza na kuanza kukosa pumzi, asiiache mwenyewe. Arudi kwa munganga, ambaye anaweza kumbadilishia.

Katika miji mikubwa wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa, wanafungua kizibo kwa puto. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam inafanya kazi hiyo. Ugonjwa wa mapafu peke yake si sababu ya kumnyima mtu matunzo hayo.

Kwa maumivu makali wanaweza kutoa morfini. Kwa mwenye mapafu mabovu wanaitoa kidogo kidogo, kwa sababu morfini inapunguza pumzi.

MASWALI MAWILI YANAYOULIZWA SANA

«Baba alikosa pumzi. Kwa nini muuguzi alipunguza oksijeni?»

Swali ni zuri. Zamani kila mwenye krizi ya moyo alipewa oksijeni nyingi. Mwaka 2017 majaribio ya Uswidi kwa watu zaidi ya 6,000 yalionyesha kwamba mtu ambaye damu yake ina hewa ya kutosha, asilimia 90 na zaidi, hapati faida kwa kuongezewa. Na kwa mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi oksijeni nyingi mno ni hatari: hewa chafu inabaki ndani ya damu, mtu anasinzia, anaacha kupumua. Katika kisiwa cha Tasmania, Australia, majaribio ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kifua waliopewa oksijeni kwa kipimo walikufa wachache kuliko wale waliofunguliwa chupa yote. Kipimo chao ni asilimia 88 mpaka 92, na kinaonekana kwa kile chombo kidogo cha kubana kidole. Muuguzi anayepunguza oksijeni anamlinda baba yako. Usifungue chupa mwenyewe akigeuka.

«Walisema mwenye pumzi fupi asimeze betabloka. Kwa nini mimi wamenipa?»

Betabloka ni dawa zinazotuliza moyo usikimbie. Kwa miaka mingi wanganga waliogopa kuzitoa kwa wagonjwa wa mapafu, kwa kuwa baadhi yake zinabana njia za hewa. Matokeo yake, wagonjwa wengi walikosa dawa iliyowafaa. Lakini ziko za namna mbili. Propranololi inashika moyo na mapafu pamoja; hiyo mwenye kifua aikimbie. Bisoprololi na metoprololi zinashika zaidi moyo. Mwaka 2005 majaribio mengi yalikusanywa, ikaonekana kwamba dawa za namna hii ya pili hazikuharibu pumzi ya watu wenye bronkiti ya siku nyingi. Zinaanzwa kwa kipimo kidogo, munganga akiangalia.

Hata hivyo si za kila mtu. Zinatolewa kwa sababu ya moyo. Mwaka 2019 katika Marekani walijaribu metoprololi kwa wagonjwa wa mapafu ambao moyo wao haukuihitaji. Haikuwasaidia, na waliolazwa kwa krizi kali ya mapafu walikuwa wengi zaidi. Mwaka 2024 majaribio ya Uswidi na nchi nyingine yalionyesha kwamba hata baada ya krizi ya moyo, mtu ambaye moyo wake umebaki na nguvu ya kawaida hapati faida wazi. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye moyo wake umelegea. Mwenye pumu ya kweli ni jambo lingine tena, lazima uangalifu mkubwa. Kwa hiyo usinunue kidonge sokoni kwa kuwa jirani alipona nacho, na usikiache ghafla kile ulichopewa.

BAADA YA KUPONA

Mgonjwa anarudi nyumbani na dawa za moyo na dawa za mapafu. Zote mbili zinakaa pamoja. Wengine wanaacha pompi wakiogopa moyo. Wengine wanaacha dawa za moyo wakiogopa kifua. Wote wawili wanakosea. Aspirini na dawa ya kupunguza mafuta ya damu ni za miaka mingi, hata kama mtu anajisikia mzima.

Tumbaku imekwisha. Si sigara moja ya asubuhi, si ya matangani. Dawa inayosaidia moyo na mapafu pamoja kuliko hiyo haipo, na haina bei.

Mama, fungua dirisha la jiko, ao pika nje chini ya paa dogo. Moshi unaokutoa machozi unaingia pia ndani ya mapafu yako na ya mtoto mgongoni.

Na wewe uliye bado kazini: toboa kwa maji, mwagia jiwe maji kabla ya kuliponda, vaa maski inayobana uso. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi laini. Fika kwenye kipimo cha mapafu kila unapoitwa, na presha ipimwe siku hiyo hiyo. Silikosi ni ugonjwa wa kazi. Anayeonekana nayo aombe karatasi ya munganga na atangazwe kwa CNSS, ili haki yake na ya watoto isipotee.

KATA KIPANDE HIKI, BANDIKA MLANGONI

Pumzi imekatika ghafla, jasho baridi, uzito wa kifua, pompi haisaidii: pengine ni moyo.

Mkalishe. Asitembee.

Aspirini, atafune, kama hakuna katazo.

Gari ao mtumbwi saa ile ile. Usingoje kuche.

Dawa zote ndani ya mfuko. Sema yote kwa munganga.

Ndugu msomaji, mzee wa kambi aliyevunja mawe miaka thelathini amekwisha kulipa vya kutosha kwa mapafu yake. Asilipe tena kwa moyo kwa kuwa nyumba nzima ilisema «ni kifua tu». Msomee ukurasa huu jirani yako asiyejua kusoma.